Mfuniko Hauna Mwenyewe

Maabara ile ya bakteria ilikuwa na profesa mmoja, wanafunzi wa kuja na kuondoka, na Bi Chupa. Profesa alijulikana kwa machapisho yake, wanafunzi kwa kelele zao, na Bi Chupa kwa sababu bila yeye hakuna ambaye angepata hata bilauri safi. Alikuwa mwoshaji. Aliosha chupa, mirija na kila kioo kilichoguswa, akavichemsha katika sufuria kubwa ya mvuke mpaka asibaki kijidudu hai, kisha akawapikia bakteria wa utafiti chakula chao, uji mwepesi unaoganda ukipoa, na kuumimina katika visahani vya plastiki vyenye mifuniko. Mgeni akimwuliza anafanya nini pale, alijibu kwamba yeye ni mpishi, ila wateja wake hawana midomo ya kulalamika. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na tisa na miezi minne, na usidhani hakuwa anahesabu.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini. Kilikuwa na masinki mawili ya chuma, rafu za waya za kukaushia, na kiti kimoja ambacho mguu wake wa nyuma ulifungwa kitambaa ili usiyumbe. Wanafunzi walipenda kwenda kulia humo, maana maji yakifunguliwa yanafunika sauti ya kilio. Bi Chupa hakuwauliza kitu. Alifungua bomba zaidi, akawapa kitambaa na chupa za kukausha, kwa kuwa aliamini mtu mwenye kazi mkononi halii muda mrefu. Kama ni kweli au si kweli mimi sijui, lakini wengi walitoka mle wamenyamaza na chupa zimekauka.

Kila mwanafunzi mgeni alipewa na Bi Chupa somo moja siku ya kwanza, atake asitake. Alichukua kisahani kitupu, akakigonga kwa ukucha upande wa chini, penye chakula, akasema hapa ndipo pa kuandika. Wala si juu. Mifuniko yote imefanana, ikivuliwa inabadilishana, na siku ikibadilishana hutajua nani ni nani. "Mfuniko hauna mwenyewe," alimalizia, na mwanafunzi alitakiwa airudie kauli hiyo kwa sauti. Profesa mwenyewe aliirudia zamani hizo, alipokuja pale akiwa kijana mwembamba mwenye shati lililomzidi, na Bi Chupa hakuacha kumkumbusha kila alipomwona kichwa kinaanza kuvimba.

Katika miaka yake ya mwisho ya kazi ndipo akaja binti mmoja aliyepewa jina la Swali, na jina lilimkaa. Alikuwa anasomea shahada ya juu. Aliuliza kwa nini maji ya sinki la kushoto yana joto kuliko ya kulia, aliuliza nani alifunga kitambaa kwenye mguu wa kiti, na jibu moja likimfikia lilikuta maswali mawili yamesimama mlangoni. Wenzake walimkimbia. Bi Chupa, ambaye wanawe wawili walikuwa miji ya mbali na walipiga simu wakikumbuka, alimpenda mara moja, bila kujikaza wala kujifanya. Swali naye akaanza kumwita mama, na mchana akawa anakuja kula chakula chake kwenye kile kiti.

Siku moja Bi Chupa akaamua kuuliza yeye. Alitaka kujua ni kitu gani hicho kinachomkondesha mtoto wa watu. Swali akaweka kijiko chini na kueleza, polepole, kama mtu anayefungua kifurushi alichotumiwa.

Alisema ndani ya kila bakteria mna uzi mmoja wa DNA, umeunganishwa ncha kwa ncha ukawa duara, na humo mmeandikwa maagizo yote ya maisha yake. Uzi huo ukinyooshwa ni mrefu karibu mara elfu kuliko bakteria mwenyewe, kwa hiyo umekunjwa na kujazwa mle kama nguo kwenye begi la safari. Bakteria akitaka kujigawa, kwanza anaunakili uzi ili kila mtoto apate wake. Kisha ukuta unaanza kuota katikati. Na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mara nyingine ukuta unafunga kabla uzi haujamaliza kuhamia upande wake. Kipande kinabaki kimelala mlangoni. Ukuta ukikibana, uzi unakatika, na watoto wote wawili wanakufa.

"Sasa pale mlangoni kuna protini," alisema Swali. "Ni mota, mama, mota kabisa, ndogo kupita kiasi. Inaudaka uzi na kuuvuta, maelfu ya herufi kwa sekunde moja, mpaka wote upite."

Bi Chupa alisuuza chupa mbili. Halafu akauliza huyo bawabu anajuaje upande wa kuvutia. Akikosea akavuta huku badala ya kule, si atakuwa ameziba mlango yeye mwenyewe?

Swali alicheka kwa furaha, maana hilo ndilo hasa alilokuwa akilisomea. Akaeleza kwamba katika uzi mzima kuna alama ndogo ndogo, neno fupi la herufi nane linalorudiwa tena na tena, na karibu zote zinaelekea sehemu moja, pale duara linapokomea na nakala mbili zinapoachana. Mota ikishika uzi penye alama, alama ndiyo inayoiweka ielekee upande unaotakiwa, kisha inaanza kuvuta.

"Kwa hiyo inaziona hizo alama," alisema Bi Chupa.

"Haioni, mama. Haina macho. Inapapasa tu."

Bi Chupa akasema basi ni kama samaki. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani mkono unateleza, ukirudi kinyume magamba yanakuzuia, na hata gizani huwezi kukosea. Swali aliliandika hilo katika daftari lake, akalipigia mstari, kisha akala chakula kilichokwisha kupoa. Bi Chupa aligeukia sinki na kukaa na lile neno, inapapasa tu, muda mrefu kuliko alivyopenda.

Alikuwa na sababu. Mwaka mmoja nyuma daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho. Pembeni kulikwisha kufungwa, akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi, daktari alisema, ila dawa ya matone ingesaidia kulinda kilichobaki. Bi Chupa alimshukuru, akaenda nyumbani, na kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Kutoka mlangoni mpaka sinki la kwanza palikuwa na hatua kumi na tisa. Chupa alizijua kwa uzito na kwa shingo zao. Mtu akihamisha ndoo aligombezwa, na watu wakasema bibi amekuwa mkali siku hizi, uzee huo.

Mumewe tu ndiye aliyejua. Tunaambiwa mficha maradhi kifo humuumbua, na Bi Chupa alikuwa amewatupia watu wengine methali hiyo mara nyingi sana. Lakini alibakiza miezi minane kutimiza miaka thelathini. Alitaka kutoka kwenye jengo lile siku yake ikifika, kwa miguu yake, bila kushikwa mkono, na sufuria ya mvuke aikabidhi yeye mwenyewe kwa atakayemfuata. Hakutaka kuondolewa. Kwa mtu ambaye hakupata vyeti wala kuitwa jukwaani, hilo ndilo lililokuwa shahada yake, na mimi simlaumu.

Utafiti wa Swali ulikuwa hivi. Alitengeneza bakteria wa aina mbili. Wa kwanza uzi wao uliachwa ulivyo. Wa pili, kipande cha uzi karibu na pale duara linapokomea kilikatwa, kikageuzwa, kikaunganishwa tena, hivyo alama za hapo zikawa zinaelekea nyuma. Kama kweli alama ndizo zinazoiongoza mota, basi bakteria wa aina ya pili wangevutiwa uzi kinyume, wangebanwa na ukuta, na kufa kwa wingi. Kwenye visahani vya wa kwanza kungeota madoa mengi meupe, kila doa ukoo mzima wa bakteria. Kwenye visahani vya wa pili kungeota machache. Visahani kumi na viwili kwa kila aina.

Mara ya kwanza umeme ulikatika siku mbili na kabati la joto likapoa. Mara ya pili mafundi walitoboa dari na ukungu ukaingia kila mahali. Profesa, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyechoka, alimwambia Swali kwamba Ijumaa kamati itakaa. Akiwa na matokeo yanayoonyesha mwelekeo, ataendelea. Asipokuwa nayo, muda wake pale utakuwa umekwisha na atarudi kwao bila shahada. Swali alirudia jaribio mara ya tatu, na safari hii alipanga visahani kwenye kabati kimoja cha aina hii, kimoja cha aina ile, vikipokezana, ili joto lisipendelee upande wowote.

Jumatano asubuhi visahani vilikuwa tayari. Swali alikuwa anafundisha darasa la wanafunzi wadogo mpaka alasiri, ndipo aje apige picha. Bi Chupa alipita karibu na kabati la joto, akakiinamia kioo chake, na kwenye ule upenyo wa macho yake akaona mifuniko imejaa jasho. Ukungu wa mvuke. Picha zingetoka zimefifia, na mtoto alishahangaika vya kutosha. Akavitoa visahani sita sita, akaviweka mezani, akavua mifuniko yote sita kwanza, akaipangusa ndani kwa kitambaa safi, mmoja mmoja, kisha akaifunika tena. Ishirini na vinne vyote. Alikuwa akiimba kwa chini chini. Alivirudisha kwenye kabati kwa mpangilio ule ule na akaenda zake sinki, roho yake kunjufu, akiwaza jinsi Swali atakavyofurahi kukuta visahani vikavu.

Alhamisi asubuhi, alipokwisha kuchemsha takataka za jana kama ilivyokuwa desturi yake kila siku kabla watu hawajafika, Swali aliingia na kukaa kwenye kiti bila kusalimu. Bi Chupa alifungua bomba na kumpa kitambaa. Safari hii dawa haikufaa. Swali alishika chupa moja na hakuikausha.

Alisimulia kwamba matokeo yalikuwa ovyo. Visahani vya aina ya kwanza vingine vilijaa, vingine vitupu. Vya aina ya pili vivyo hivyo, nusu kwa nusu, kama mtu aliyerusha mahindi gizani. Kwa matokeo hayo mota haijali alama hata kidogo, inavuta inavyojisikia, na yeye miaka miwili alikuwa anafuata kitu ambacho hakipo. Alimwonyesha Profesa jana jioni. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kesho kamati ikikaa atasimama, atasema ameshindwa, na Jumapili mama yake akipiga simu atamwambia anarudi nyumbani.

Bi Chupa alikuwa ameacha kuosha. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uliandika wapi, mwanangu?"

Swali alijifuta pua. "Utanigombeza."

"Niambie tu."

"Kwenye mfuniko, mama. Ukingoni, kwa kalamu nyembamba. Nikiandika chini maandishi yanatokea kwenye picha, na ile mashine ya kuhesabu inayahesabu kama madoa. Nilijua ungenigombeza."

Mikono ya Bi Chupa ilibaki ndani ya maji. Ukingoni, kwa kalamu nyembamba. Yaani pale pale ambapo macho yake hayafiki tena. Mwenye macho angeona maandishi na asingegusa mfuniko hata mmoja. Alijua papo hapo kwamba mota haikukosea. Alijua pia kwamba yeye peke yake duniani ndiye anayejua. Swali hakuwa na habari kuwa mifuniko ilivuliwa, na visahani vyenyewe alikuwa amekwisha kuvichemsha alfajiri ile. Hakuna kitu kilichobaki cha kumshitaki.

Hakumgombeza. Alimwambia aende akanawe uso, ale kitu, na Swali alienda akidhani ameonewa huruma. Ukweli ni kwamba Bi Chupa aliogopa, akakaa kwenye kiti kile ambacho kwa miaka yote alikiachia wengine.

Jioni mumewe alimwekea dawa ya macho, kama kila jioni. Alikuwa fundi redio, mwanamume mrefu mwenye vidole vinavyonuka risasi ya kulehemu, na alikuwa na mkono mtulivu. Bi Chupa aliegemeza kichwa nyuma na, tone likiwa bado linasambaa, akamweleza yote. Labda ilikuwa rahisi kusema akiwa amefumba macho. Fundi Redio alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kamati inakaa saa ngapi. Saa nne, alijibiwa.

"Nikisema tu," Bi Chupa alisema, "swali la kwanza litakuwa kwa nini sikuona maandishi."

"Ndiyo. Watauliza hivyo."

"Na sufuria ya mvuke wataninyang'anya siku hiyo hiyo. Nitakaa hapa kutwa nzima, baba watoto. Utanichoka."

Fundi Redio alifunga kichupa cha dawa na kukirudisha kwenye sanduku lake. "Nilikuchoka mwaka wa pili wa ndoa," alisema. "Unaona nimeenda wapi?"

Bi Chupa alicheka, na kucheka kukamponza, machozi yakaisukuma dawa nje. Ikabidi aegemeze kichwa tena, na mumewe akaanza upya. Hakumwambia la kufanya. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, na wote wawili walijua kwamba neno limekwisha kuamuliwa. Lililobaki ni kulibeba.

Ijumaa alimtafuta Profesa tangu saa mbili, lakini Profesa alichelewa njiani na akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mikutano. Bi Chupa alisimama kwenye korido na aproni yake ya mpira, akisikia sauti ya Swali ndani ikianza, ikikwama, ikianza tena. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kuingia chumba kile ila kuondoa vikombe. Akabisha hodi, akaingia.

Kulikuwa na watu watatu mezani, na Swali amesimama kando ya picha za visahani. Bi Chupa aliwasalimu, akaomba radhi kwa maji yaliyokuwa yanadondoka kwenye sakafu yao, akasema picha zile zisitumike. Alieleza alivyovua mifuniko na kuipangusa sita sita na kuifunika bila kujua upi ni wa nani. Alisema mtoto hakukosea, ila kidogo, na hicho kidogo wataongea wao wawili.

Profesa alikunja uso. Akauliza lile lile.

"Hukuona maandishi, mama?"

"Sikuyaona. Pembeni sioni kabisa. Ni mwaka sasa, na niliwaficha."

Mjumbe mmoja wa kamati, mwanamke mwenye sauti kavu, aliuliza kama visahani vipo, ili neno hilo lipate kuthibitishwa. Havipo, vilichemshwa. Basi, alisema mjumbe, kamati ina nini mbele yake zaidi ya maneno ya mwoshaji?

Profesa alivua miwani tena, ila hakuifuta. "Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika chini ya kisahani," alisema. "Hajawahi kunidanganya, hata nilipokuwa namwomba anidanganye. Mpeni binti wiki mbili."

Walimpa. Na mkutano ulipokwisha, Profesa aliteremka mwenyewe hadi korido ya chini. Hakuwa na ujasiri wa kuomba. Alisimama tu karibu na sufuria ya mvuke, mkubwa wa watu, akichezea kifungo cha shati, mpaka Bi Chupa akamwonea huruma, akavua shingoni ufunguo wa sufuria hiyo na kumpa. Chombo kile kikifunguliwa vibaya kinaunguza uso wa mtu, wote wawili walilijua hilo. Aliupokea kwa mikono miwili. Alisema barua ya ugonjwa itaandikwa, na kwamba hiyo miezi minane ataitetea ofisini, lakini hawezi kuahidi. Bi Chupa akajibu kwamba hakuomba ahadi. Aliomba kitu kimoja, akae zile wiki mbili, kwenye kiti, bila kugusa kitu.

Swali alikuja Profesa alipoondoka. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike pale hakuwa na la kuuliza. Kisha alienda akapiga magoti kando ya kiti na kuweka kichwa chake kwenye ile aproni yenye maji. Bi Chupa alimpapasa nywele. Alimwambia sasa ndiyo anamgombeza, asikie vizuri: mfuniko hauna mwenyewe. Swali akairudia kauli hiyo huku akilia, na akaambiwa aseme kwa sauti, haikusikika.

Kwa wiki mbili Bi Chupa alikaa kwenye kiti na Swali alifanya kazi. Aliandika chini, na kila alipoandika alitakiwa asome kwa sauti, aina ya kwanza, namba moja, aina ya pili, namba moja, mpaka ishirini na vinne. Mashine ya kuhesabu haikutumika. Siku ya matokeo walifunga mlango wa chumba cha masinki, Swali akahesabu madoa kwa ncha ya kalamu na kuyataja. Mia mbili na kumi na tatu. Tisa. Mia moja tisini na nane. Kumi na moja. Mia mbili na sita. Nne. Bi Chupa alifumba macho kusikiliza. Kufika kisahani cha kumi hakukuwa na shaka tena, lakini alikataa kumwacha aishie hapo, wakafika mpaka cha mwisho. Walipomaliza walishikana mikono kwa muda, na sinki la kushoto lilikuwa linadondosha maji kama siku zote.

"Haikosei," alisema Swali. "Alama zikiwa sawa, haikosei."

Siku iliyofuata, wiki zake mbili zikiwa zimekwisha, ilikuwa ya Bi Chupa kuondoka. Kulikuwa na vikombe vya chai na maneno machache ya Profesa, yaliyokuwa mazuri kuliko alivyotarajia. Aliwaaga wote. Swali alitaka kumshika mkono mpaka nje, maana aproni, viatu na albamu ya picha aliyopewa vilikuwa kwenye mfuko mzito, na ngazi za mbele zilikuwa na mwanga mkali unaomsumbua. Bi Chupa akakataa katakata. Alisema mfuko atautwaa, mkono hataki, hajawa mzigo bado. Swali hakubishana, jambo ambalo kwa Swali si la kawaida. Alimwomba tu ashike ule mkono wa chuma wa ngazi, upande wa kulia, asiuachie.

Bi Chupa akaenda peke yake. Hatua kumi na tisa mpaka mlangoni, kisha korido, kisha akaushika mkono wa ngazi. Kidole chake kikagusa kitu. Kilikuwa kipande cha plasta, ile nene ya kufungia vidonda, kimebandikwa juu ya chuma. Hatua mbili mbele kulikuwa na kingine. Alidhani watoto wameanza mchezo wa kuharibu vitu, akataka kukibandua, ndipo akakipapasa vizuri. Upande mmoja kilikatwa wima. Upande wa pili kilichongwa ncha, na ncha ilielekea juu, kunakotokewa. Akakipapasa cha tatu, cha nne. Vyote ncha zilielekea huko huko.

Alisimama katikati ya ngazi. Kisha akaendelea, taratibu, bila haja ya kuyasumbua macho. Ngazi zilipokwisha alama zilihamia ukutani, kwa urefu wa mkono wake hasa. Mtu alikuwa amempima bila yeye kujua. Zikapita ubao wa matangazo, zikapinda kona, zikashika fremu ya mlango mkubwa, zikafuata uzio hadi langoni. Alitoka kwenye jengo lile kwa miguu yake, hakushikwa na mtu, na alilia njia nzima bila kuficha.

Langoni uzio uliisha. Alinyoosha mkono mbele kutafuta, akagusa nguo. Ulikuwa mkono wa shati, wenye harufu ya risasi ya kulehemu, na juu yake, karibu na kiwiko, kipande kimoja cha mwisho cha plasta.

"Yule binti kanibandika hiki tangu saa tatu," alisema Fundi Redio. "Kasema nisikitoe mpaka ukiguse."

Bi Chupa alikipapasa. Hiki hakikuwa na ncha. Kilikatwa wima pande zote mbili. Akaushika mkono ule wa shati, akampa mumewe mfuko, wakaenda nyumbani.